Mwanza hadi Songwe kwa ndege: kilomita ni ngapi, na safari ni ndefu kiasi gani?

Swali: Shikamoo. Naishi Mwanza, mama yangu yuko Mbeya, na mwezi ujao nataka kwenda kumchukua aje akae kwangu. Nimetafuta mtandaoni umbali wa ndege kati ya uwanja wa Mwanza na wa Songwe. Tovuti moja inasema kilomita 717, nyingine 721, na programu ya simu imeandika 389 bila kusema ni 389 ya nini. Muda wote wanasema ni saa moja na dakika 24 au karibu na hapo. Lakini wakala wa tiketi ameangalia tarehe yangu akaniambia tutapitia Dar es Salaam na nitenge siku nzima. Namba ipi ni ya kweli? Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, kwa hiyo nataka kujua atakaa kwenye kiti muda gani hasa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mama. Ndege ingeruka moja kwa moja kati ya Songwe na Mwanza, angekaa kitini kati ya saa moja na dakika 20 na saa mbili kasoro, kutegemea aina ya ndege. Mkipitia Dar es Salaam atakaa kitini jumla ya saa mbili na dakika 40 hadi saa nne hivi, kwa vipande viwili, na katikati atapata nafasi ya kunyoosha miguu. Wakala wako amesema kweli kuhusu siku nzima. Hizo tovuti nazo hazikukosea hesabu. Kila moja imejibu swali lake, na hakuna hata moja iliyojibu lako.

Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa miaka mingi, na swali hili nimeulizwa na watu wa kila aina, mpaka wahandisi. Nitakueleza kwa kirefu, maana ukishaelewa namba hizi zinakotoka utaweza kuzipima mwenyewe kwa safari yoyote.

Tuanze na 389, ambayo ndiyo inayopotosha zaidi. Hizo ni maili za baharini, kipimo wanachotumia marubani na manahodha. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, tofauti na maili ya barabarani ambayo ni mita 1,609. Mtu akiona 389 akadhani ni maili za kawaida, atazidisha na 1.6 apate kilomita 620 na ushee, na hapo atakuwa ameikata safari karibu kilomita 100. Zidisha 389 kwa 1.852, utapata 720. Kwa hiyo 389 na 721 ni namba ileile iliyovaa nguo mbili.

Maili ya baharini ina uzuri wake, na hapa naomba univumilie kidogo kwa sababu ni jambo ninalolipenda. Ililinganishwa na dakika moja ya latitudo. Dunia tumeigawa kwa nyuzi, kila nyuzi ina dakika 60 (hizi si dakika za saa, ni vipande vya nyuzi), na ukienda kusini au kaskazini kwa dakika moja umesafiri maili moja ya baharini. Sasa tazama safari yako. Uwanja wa Mwanza uko nyuzi 2, dakika 26 na sekunde 40 kusini mwa ikweta. Songwe iko nyuzi 8, dakika 55 na sekunde 10 kusini. Toa moja katika nyingine: nyuzi 6 na dakika 28 na nusu, yaani dakika 388 na nusu. Umeshapata maili 388 na nusu kwa kalamu na kipande cha karatasi, bila tovuti yoyote. Imebaki ile maili nusu tu, na hiyo inatokana na Songwe kuwa mashariki kidogo ya Mwanza, kwa dakika 20 na ushee za longitudo. Ramani ikiwa mbele yako utaona kwamba safari hii ni ya kushuka kusini karibu moja kwa moja. Rubani angeshika uelekeo wa nyuzi 177 hivi, nyuzi tatu tu kutoka kusini kamili. Njiani Shinyanga ingebaki mkono wa kushoto, Tabora mkono wa kulia kwa kilomita kama 25, na mbele zaidi Ziwa Rukwa lingeonekana kulia kabla milima ya Mbeya haijajitokeza.

Sasa, kwa nini 717 na 721? Kilomita nne si nyingi, lakini watu hupoteza imani na namba zote mbili kwa sababu yake. Jibu liko kwenye umbo la dunia. Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha na ina kitambi pale ikweta: nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378, cha kwenye ncha ni kilomita 6,357. Tovuti iliyokupa 721 imechukua njia ya mkato, imeifanya dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, ambao ni wastani. Iliyokupa 717 imetumia umbo halisi, lile lililobonyea. Kwenye umbo hilo nyuzi moja ya latitudo karibu na ikweta ina kilomita 110.6, na kule kwenye ncha ina 111.7. Sisi tuko karibu na ikweta, safari yako inakwenda kaskazini na kusini, kwa hiyo inaangukia palepale ambapo nyuzi ni fupi. Zidisha nyuzi 6.475 kwa 110.58, ongeza ule mchepuko mdogo wa mashariki, unapata 717. Hiyo ndiyo sahihi zaidi. Ingekuwa safari ya mashariki na magharibi karibu na ikweta, tufe lingekosea kwa upande wa pili, lingepunguza badala ya kuongeza.

Kuna chanzo kingine cha tofauti ambacho kwa Mbeya ni cha kipekee. Mji ule ulikuwa na kiwanja chake cha zamani ndani ya mji, na baada ya Songwe kufunguliwa mwaka 2012 safari za abiria zilihamia huko. Herufi tatu unazoziona kwenye tiketi, MBI, zilikuwa za kiwanja cha zamani na zikahama pamoja na safari. Hazina ya taarifa ambayo haikusahihishwa bado inaweza kuiweka MBI mjini. Jambo la kushangaza ni kwamba kwenye umbali wa kutoka Mwanza kosa hilo halionekani: linabadilisha kilomita moja hivi tu, kwa sababu viwanja hivyo viwili vimepishana mashariki na magharibi wakati wewe unatoka kaskazini. Chini ardhini, hata hivyo, vimeachana kwa kilomita kama 20, na barabara ni ndefu kuliko hapo. Ukimwagiza kijana wa teksi akupokee “uwanja wa ndege Mbeya”, hakikisha anajua ni Songwe. Kosa lisiloonekana kwenye namba ya umbali linaweza kukuacha umekaa juu ya begi lako ukisubiri.

Basi umbali ni kilomita 717. Lakini ndege hairuki hizo 717. Mstari huo umechorwa kutoka katikati ya kiwanja kimoja hadi katikati ya kingine, kana kwamba ndege inanyanyuka wima na kuondoka kwa uelekeo inaoutaka. Njia ya kurukia ya Mwanza imelazwa kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, na ndege hupaa ikiukabili upepo. Upepo ukitoka ziwani, ndege ya kwenda kusini huanza kwa kupaa kaskazini-magharibi juu ya maji, kisha inageuka. Songwe nayo imelazwa mashariki na magharibi, kwa hiyo anayetoka kaskazini lazima azunguke apate kujipanga na njia ya kutua. Katikati kuna njia za angani zinazopita kwenye alama maalumu, na waongoza ndege wanaweza kukuchepusha kupisha mwingine. Wingu kubwa la radi likisimama mbele rubani hulikwepa kwa mbali, na msimu wa mvua mawingu hayo ni ya kawaida kabisa upande wa Tabora na Ziwa Victoria. Mimi nikipanga safari ya urefu huu huongeza kilomita 20 hadi 40 juu ya mstari mnyoofu, na ni nadra kuona nimezidisha.

Sasa tuje kwenye muda, ambako ndiko hasa tovuti zinakokosea watu.

Ile “saa moja na dakika 24” najua ilivyopatikana bila kuiona tovuti yenyewe. Wamegawanya 721 kwa 800, wakapata dakika 54, wakaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ni kanuni ya haraka inayotumiwa sana na kwa safari ndefu ya ndege kubwa si mbaya. Kasoro yake kwenye viwanja vya mikoani ni kwamba inadhani kila ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa. Nchini kwetu Precision Air wanatumia ATR, ambayo ni pangaboi na mwendo wake wa kawaida angani ni kama kilomita 500 kwa saa. Air Tanzania wana Dash 8-400, pangaboi pia lakini yenye kasi, inayoweza kukaribia 650, na wana Airbus A220-300, jeti inayokwenda kwenye 830. Tovuti haikuulizi utapanda ipi.

Unaweza kudhani basi jeti itamaliza safari kwa muda unaokaribia nusu ya ule wa ATR. Haiko hivyo, na sababu yake ni kiini cha jibu langu lote. Ndege haiendi kwa kasi yake kamili isipokuwa katikati ya safari. Kwa urefu wa kilomita 717, ATR itatumia robo saa na zaidi kidogo kupanda, ikiwa imesogea kilomita 90 hivi, na dakika 20 kushuka katika kilomita 120 za mwisho. Zinabaki kilomita 500 na ushee za mwendo kamili, saa moja. Ongeza dakika tano za kuzunguka na kujipanga kabla ya kutua, na dakika kumi za kutembea ardhini pande zote mbili. Jumla ni saa moja na dakika 53 hivi. Jeti hupanda juu zaidi, kwa hiyo kupanda na kushuka kunakula kilomita 400 kati ya 717, na mwendo wake wa 830 unautumia kwa dakika 23 tu. Ukijumlisha na zile dakika za ardhini na za kujipanga unapata saa moja na dakika 20 hadi 25. Dash 8-400 inaangukia katikati, saa moja na dakika 35. Haya ni mahesabu yangu ya mezani, siyo ratiba ya mtu yeyote, lakini yanakuonyesha jambo lenyewe: jeti ina kasi zaidi kwa theluthi mbili, na imekuokolea mama yako nusu saa.

Kadiri safari inavyokuwa fupi ndivyo kasi ya ndege inavyopoteza maana. Mfano wa kupindukia uko kule Scotland, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, ambako kuna safari ya ratiba ya kilomita 2.7 tu. Ndege inakuwa angani chini ya dakika mbili. Ukiileta ndege yenye kasi maradufu pale hutampunguzia abiria hata sekunde, maana muda wote ni wa kupaa na kutua. Safari yako haijafika huko, lakini inaelekea huko.

Mwinuko wa viwanja nao unahesabika. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, Songwe mita 1,345, Dar es Salaam mita 55 tu. Ndege inayotoka Mwanza imeshapunguziwa zaidi ya kilomita nzima ya kupanda kabla haijawasha injini, na inayokwenda kutua Songwe haina haja ya kushuka sana. Kwa upande mwingine, hewa ya juu ni nyepesi, na mchana wa jua inakuwa nyepesi zaidi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu ya kukimbilia ili ipae. Hiyo ni moja ya sababu safari nyingi za nyanda za juu hupendelea asubuhi, na asubuhi ndiyo wakati ambao Mbeya kuna ukungu. Wapangaji wa safari tunaishi katikati ya mambo hayo mawili.

Kuhusu upepo usihofu sana. Watu waliosoma habari za safari za Ulaya na Marekani hujua kwamba kwenda na kurudi kunaweza kutofautiana kwa saa nzima. Hiyo ni kwa sababu huko juu kuna mito ya upepo mkali, na njia ni ndefu. Kwetu karibu na ikweta upepo wa juu ni wa upole na mara nyingi unatoka mashariki. Safari ya Mwanza na Songwe inaupata ubavuni, na upepo wa ubavuni wa kilomita 40 kwa saa unapunguza mwendo wa Dash 8 kwa kilomita moja na kidogo tu kwa saa, hutahisi kitu. Kwenye kipande cha Mwanza na Dar es Salaam unakuja usoni ukienda Dar na mgongoni ukirudi. Kwa kasi ileile ya upepo, tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika saba hivi.

Lipo jambo moja ambalo abiria haoni lakini ndilo hulala kichwani mwangu usiku: mafuta. Ndege haijazwi mafuta ya kilomita 717. Hujazwa ya safari yenyewe, ya akiba ya mambo yasiyotarajiwa, ya kwenda kiwanja mbadala ikiwa Songwe imefunikwa na ukungu, na juu ya yote hayo, kwa ndege za injini za aina hii, mafuta ya kuzunguka angani dakika 30 ambayo hayaguswi. Kiwanja mbadala kinaweza kuwa Dodoma, kilomita 409 kutoka Songwe, au Dar es Salaam yenyewe. Kwa hiyo siku rubani akitangaza kwamba Songwe haionekani na ndege inageuza, mwambie mama asiogope. Uamuzi huo ulikuwa umeshaandaliwa mafuta yake kabla hamjafunga mikanda. Ulishafikiriwa mezani, asubuhi, na mtu kama mimi.

Sasa safari yenu halisi, ya kupitia Dar es Salaam. Mwanza hadi Dar kwa mstari mnyoofu ni kilomita 851. Dar hadi Songwe ni 692. Jumla 1,543, zaidi ya mara mbili ya zile 717. Mnakwenda mashariki mpaka baharini kisha mnarudi magharibi. Kuna anayeniuliza, kwa nini wasipitishe watu Dodoma? Mwanza hadi Dodoma ni kilomita 517, Dodoma hadi Songwe 409, jumla 926, pungufu ya kilomita 600 na zaidi. Kwenye ramani ni njia nzuri mno. Lakini ndege hupelekwa kulikojaa abiria, na abiria wa mikoa yote hukutana Dar. Njia fupi isiyo na ndege ya kuunganisha siku hiyo ni ndefu kuliko njia ndefu iliyo nayo. Ukiona msafiri anashangaa kwa nini anazungushwa, sababu ni hiyo, wala si mtu kutojua jiografia.

Chukulia mnatoka Mbeya kuja Mwanza na kila kitu kinakwenda sawa. Kutoka nyumbani kwa mama hadi Songwe, tenga saa moja. Kuwa kiwanjani saa mbili kabla, na kwa mtu mwenye magoti mabovu nakusihi usipunguze. Songwe hadi Dar kwa jeti, saa moja na robo. Kusubiri Dar, tuseme saa tatu. Dar hadi Mwanza, karibu saa moja na nusu. Kupokea mizigo na kufika nyumbani, saa moja. Jumla inakaribia saa kumi, na humo ndani mama amekuwa kwenye kiti cha ndege saa mbili na dakika 40 tu. Hata ndege hizo mbili zingeruka kwa kasi maradufu, mngefika saa moja na kidogo mapema. Lakini mkipata ndege ya pili inayoondoka saa moja na nusu baada ya ya kwanza kutua, badala ya saa tatu, mmeokoa saa moja na nusu bila ndege yoyote kukimbia zaidi. Ndiyo maana nawaambia watu: acha kuhangaika na kilomita, hangaika na muda wa kuunganisha.

Usiubane mno, lakini. Ndege ya asubuhi kutoka Songwe ikichelewa kwa ukungu wa saa moja, muda mwembamba wa kuunganisha unakufa. Na hapa kuna jambo la pesa: nunua safari yote kwenye tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ina wajibu wa kuwafikisha Mwanza kwa ndege nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, kwa ile kampuni ya pili ninyi ni abiria ambao hawakutokea, na tiketi inaweza kupotea. Nimeona familia ikinunua tiketi upya pale pale kaunta kwa bei ya siku hiyo, mtoto mgongoni, kwa sababu ya akiba ndogo waliyoipata wiki tatu kabla. Kwa tiketi moja pia mizigo huweza kufungwa lebo hadi mwisho. Angalia lebo ya begi kabla halijaondoka: iandikwe MWZ, siyo DAR. Ikiwa DAR, itabidi mchukue begi na kulipeleka tena, na hapo saa moja na nusu haitoshi.

Kuhusu magoti ya mama. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, au angalau saa 48 kabla, kisha thibitisha ukifika. Huduma hiyo ni ya kawaida, haina aibu yoyote, na wazee wengi huikataa kwa kudhani wataonekana wagonjwa. Mweleze kwamba ni kwa ajili ya umbali wa kutembea, hasa pale Dar. ATR na Dash 8 zina ngazi yake yenyewe iliyo kwenye mlango, fupi lakini ya wima kidogo. Jeti iko juu zaidi na ngazi yake ni ndefu. Kama hawezi kupanda ngazi kabisa, liseme hilo waziwazi, maana kiti cha kumfikisha chini ya ndege na msaada wa kumpandisha ndani ni vitu viwili tofauti. Omba kiti cha upande wa njia ya kupita, ili anyooshe mguu mmoja mmoja bila kumsumbua jirani.

La mwisho ni la saa, na usilipuuze. Muda ulioandikwa kwenye tiketi unaanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena. Milango hufungwa kabla ya hapo, na kaunta hufungwa mapema zaidi. Halafu tiketi huandikwa kwa saa 24 za kizungu. Ikiandikwa 07:10, hiyo ni saa moja na dakika kumi asubuhi, siyo saa saba mchana. Ikiandikwa 13:10 ndiyo saa saba na dakika kumi. Shangazi yangu aliwahi kufika kiwanjani saa sita mchana, amejipanga vizuri na zawadi zake zote, kwa ndege iliyokuwa imetua Dar zamani. Mama akipewa tiketi mkononi, mwandikie pembeni kwa kalamu saa ya Kiswahili, na saa ya kutoka nyumbani.